Tui Jepesi la Bi Kafedha

Kuku wa jirani yetu Bi Mwanasaumu walinenepa mwaka juzi hata wakawa hawamkimbii paka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwamwagia machicha ya nazi kila asubuhi, na nilipoona manyoya yao yanavyong'aa nilifurahi, nikasema riziki ya kiumbe haizuiliki. Yale machicha sikuyashika. Ningeyashika mara moja tu ningejua kwamba yamelowa, tui limo bado, na mkono uliokuwa ukiyakamua umechoka siku nyingi.

Mkono huo ni wa mama yangu, Bi Kafedha. Nayaandika haya kwa sababu nanyi mna mama zenu, na kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Mtoto wangu akikohoa mara mbili usingizi waniruka. Na kwa wasiwasi wangu wote huo sikuona kitu. Basi asiye na wasiwasi ataona nini?

Mama ana miaka sabini na nne. Nyumba yetu iko Mtopanga, na kwa miaka thelathini na mmoja ameuza mbaazi za nazi na mahamri hapo hapo barazani. Mimi Tumu na ndugu yangu Mahir tumekula, tumevaa na tumesomeshwa na mbaazi hizo. Mahir alifika chuo, mimi nikaishia darasa la nane kwa uvivu wangu, si kwa kukosa. Watu walikuwa wakitoka Kongowea na Bamburi, wanapita mbaazi za wengine njiani, waje wale za mama. Ni kwa sababu ya tui. Mama alikaa juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi ambacho ukikikalia magoti yakutazama usoni, akakuna nazi nane bila kuinuka. Kisha akaitia nazi kwenye kifumbu, akakisokota kile kikapu kwa mikono miwili mpaka kikalia. Tui la kwanza, lile zito tunaloliita kasimile, aliliweka kando likangoja mbaazi zilainike na moto ushushwe. Machicha yaliyotoka mle yalikuwa makavu kama unga wa msumeno. Kuku waliyapekua tu wakaenda zao.

Baada ya Ramadhani ya mwaka juzi mbaazi zikaanza kuwa nyepesi. Dereva mmoja wa tuktuk, mteja wa kila siku, akamwuliza mama mbele za watu, "Bi Kafedha, leo mbaazi zimeoga?" Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Mimi sikucheka. Nilivaa buibui langu nikaenda moja kwa moja kwa Mwarandu, Mgiriama anayetuuzia nazi tangu sijaolewa, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba siku hizi anatuuzia koroma zisizokomaa akisema ni nazi. Akapasua mbili nikiziona. Nyama yake ilikuwa nene, ngumu. Nikamwambia hizo ni za kuonyesha watu, za kuuza ziko chini. Maneno mengine niliyomwambia siyaandiki hapa. Mwarandu aliniangalia kidogo, akafuta panga lake, akasema, "Haya dada, labda."

Nikahamia kwa muuzaji mwingine, halafu kwa wa tatu. Tui lilikuwa lile lile. Nikasema ni ukame. Nikasema minazi ya siku hizi imezeeka. Kwamba aliyezeeka ni mama, hilo halikunipitia.

Na dalili hazikuwa hiyo tu. Mama ana pete ya fedha aliyovishwa na marehemu baba. Siku moja ikachomoka kidoleni ikaingia kwenye unga wa mahamri. Nikaizungushia uzi, ikakaa. Baada ya miezi miwili ikachomoka tena, nikaongeza uzi. Mwishowe ilikuwa uzi mtupu na pete kidogo. Tena mama alipoinuka kwenye mbuzi alianza kushika ukuta, mpaka pakatokea alama ya kiganja pale, nyeusi ya mafuta. Ilipokuja Idi niliipaka chokaa. Nikasafisha ukuta, nikajisifu kwamba nyumba imependeza.

Kilichoniogopesha ni kusahau. Alisahau chumvi mara mbili kwa juma moja. Kisha jioni moja akaniuliza kama Mahir ametoka shule. Mahir ana miaka arubaini na ndevu zina mvi. Nikamkumbuka nyanya yetu, mamake mama, ambaye miaka yake ya mwisho aliimaliza akitafuta njia ya kwenda kwake hali yumo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimpigia Mahir simu nikilia.

Mahir afanya kazi bandarini na akaa Port Reitz. Jumamosi alikuja na kiti kikubwa cha mito, kile cha kuzama, na mashine ya umeme ya kusagia. Akasema mzee hupumzishwa. Akasema ni aibu, mtoto ana kazi yake ya mshahara na mamake bado amekunja magoti juu ya mbuzi. Ile mbuzi akaitia kwenye buti la gari akaenda nayo, mama asije akashawishika. Nami nilimshukuru. Tukafunga biashara ya mbaazi. Nikaanza kumletea mama maji, kumtandikia, kumkatia mkate vipande. Hata kikombe nilikuwa nampokea mkononi kabla hajakitua. Bi Mwanasaumu alipita akatuona akasema, "Mtapata radhi nyinyi, wallahi."

Mama alikaa kwenye kiti kile miezi minne. Chakula akawa hataki, ila chai ya rangi na kipande cha mkate. Barazani hakukuwa na wateja, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumtania wala wa kutaniwa. Asubuhi moja aliniuliza ni siku gani. Nikamwambia Jumanne.

"Siku hizi zote Jumanne," akasema.

Mama ana sukari, na kila mwezi twaenda kliniki. Mwezi ule tulimkuta muuguzi mgeni, Pascalia, msichana wa Ukambani mwenye sauti ya kanisani. Alimtazama mama alivyotoka kwenye benchi kwa kunishika mimi, kisha akaniambia wana vipimo vya wazee, vya nguvu za mwili na vya kumbukumbu, na angependa mama apimwe. Kulikuwa na kutembea, kuinuka, kushika, kukumbuka, na mwisho kutolewa damu. Nikamwuliza damu ni ya nini ikiwa sukari imeshapimwa. Wasiwasi wangu huo. Akasema tutafika huko.

Alibandika vipande viwili vya utepe wa gundi sakafuni, vimeachana mita nne. "Shosho, tembea kutoka hapa mpaka pale, mwendo wako wa kawaida."

"Shosho ndiye nani?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama. Maana yake nyanya."

"Mimi ni Bi Kafedha. Shosho muache huko huko bara."

Pascalia akacheka. "Haya Bi Kafedha, tembea nikuone."

"Unione, kwani wataka kuniposa?"

Nilikuwa sijamsikia mama akitania kwa miezi minne. Lakini mita zile nne zilimchukua muda mrefu mpaka nikatazama dirishani. Kuinuka kitini mara tano bila kushika kitu, aliinuka mara mbili, ya tatu akaketi akahema. Pascalia alimtajia maneno matatu ayaweke moyoni, mkoba, mvua na kisu. Baada ya dakika chache akamwuliza. Mama akafikiri sana akasema, "Kisu."

Kisha akampa kifaa cha chuma chenye mpini na kioo cha namba. Akamwambia akikamate akikaze kwa nguvu zake zote, kama anayekamua kitu. Mama alisikia neno kukamua akakaa wima. Akataka kukishika kwa mikono miwili akisokote, Pascalia akamzuia, mkono mmoja tu, bila kusokota. Mama akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ikasoma kumi na moja. Mkono wa kushoto tisa. Nikamwuliza Pascalia kama kumi na moja ni nyingi. Akasema kwa mwanamke hutazamiwa angalau kumi na sita.

"Ni kweli," mama akasema. "Ni sawa na vikombe viwili na nusu."

Pascalia akamwuliza vikombe vya nini. Nami nilidhani ndiyo kumbukumbu hiyo inakwenda, nikafungua mdomo nimwombee radhi. Mama akaniashiria ninyamaze.

"Vya kasimile," akasema. "Kile kikombe changu cha bati chenye ua. Nilipokuwa na nguvu zangu, nazi nane zilinipa vikombe vitano. Ramadhani ile iliyokuwa na mvua, zikanipa vinne. Mfungo Sita, tulipomaliza Maulidi, vitatu. Siku Mahir alipochukua mbuzi, viwili na nusu. Nazi hazikuwa na kosa. Nilijua ni mkono."

Nikasahau tuko mbele ya mtu. "Ulijua, mama? Na ukaniacha nikamtukana Mwarandu wa watu?"

"Ningekwambia ni mkono ungenifungia mbaazi, Tumu." Aliitazama pete yake, akaizungusha. "Na sikukwambia, na umenifungia vile vile."

Pascalia akaivuta fomu yake. Akamwomba mama arudie zile hesabu polepole, akaziandika pembeni mwa fomu, pale pasipo na mstari. Akaniambia wao wanampima mama kuanzia leo, lakini mama amejipima mwenyewe tangu ile Ramadhani, kwa kipimo kile kile, kwa nazi zile zile nane. Akasema hajawahi kumpata mgonjwa wa namna hiyo. Mama akamwambia yeye si mgonjwa, ni mpishi.

Damu ikatolewa, chupa tatu ndogo. Nilimwuliza Pascalia wanatafuta nini humo, naye akanieleza bila haraka. Wanatazama kama damu imepungua, vitamini, figo, na alama za mwili unaowaka ndani kwa ndani bila homa. Akasema wako wataalamu wanaotafuta hata alama za ubongo ndani ya damu, lakini hapo kliniki hawana kipimo hicho, na hata kilipo hakuna tone moja linaloweza kutoa habari zote za mtu. Husomwa damu, mkono, mwendo, sahani na mazungumzo, vyote pamoja. Hilo la sahani lilinichoma. Sahani ya mama naiosha mimi kila siku, na kila siku ilikuwa karibu imejaa.

Baada ya majuma mawili tuliitwa. Daktari akasema damu ya mama imepungua, na vitamini B12 iko chini sana. Mama amemeza dawa zake za sukari miaka kumi na miwili, na kwa baadhi ya watu dawa hizo, zikitumika muda mrefu, huishusha vitamini hiyo. Dawa asiache, alisisitiza, ila atachomwa sindano. Upungufu ule waweza kuchosha mwili na waweza kusahaulisha. Nikamwuliza kama kusahau kutaondoka. Hakuniahidi. Akasema pengine kutapungua, pengine kipo na kingine, wataona miezi sita ijayo.

Kisha akauliza mama hushinda akifanya nini. Nikamwambia kwa fahari kwamba hafanyi chochote, tumempumzisha. Daktari akakunja uso. Akasema nyama ya mwili wa mzee ikiachwa bila kazi huyeyuka upesi, na akili nayo yataka watu na shughuli. Apewe samaki, mayai, maharage, mbaazi. Aketi na kuinuka mara nyingi kwa siku, aanzie kiti cha juu kisha ashuke kidogo kidogo. Mikono ikamue kitu. Akae na watu azungumze nao. Nilimsikiliza nikitazama viatu vyangu. Maskini daktari alikuwa akiitaja baraza yetu, mbuzi na kifumbu, na wala hakuvijua majina. Vyote mama alikuwa navyo. Sisi ndio tuliomnyang'anya, tukaita heshima.

Mahir alikataa. Kwenye simu aliniambia watu watasema ameshindwa kumtunza mamake, na je, akianguka? Nilimwelewa, maana hofu ile ilikuwa yangu pia. Nikamwambia aje amwambie mama mwenyewe. Akaja baada ya sala ya Ijumaa, akamwamkia, akabusu mkono, akakaa sakafuni karibu na kile kiti chake cha mito.

"Mahir, baba," mama akasema.

"Naam, mama."

"Radhi yangu waitaka?"

"Naitaka, mama. Nani asiyeitaka?"

"Iko kwako Port Reitz. Ulienda nayo ndani ya buti. Kailete."

Mahir aliinamisha kichwa. Akatoka, na kabla ya alasiri mbuzi ikarudi.

Hatukumwacha akae chini siku ile. Tuliiinua mbuzi juu ya matofali, akaanza na nazi mbili, mimi nikakuna sita. Ya kwanza ilimtoa jasho akapumzika. Ya pili akaimaliza. Kisha akanitaka nikamue za kwangu mbele yake. Nilisokota kifumbu mpaka viganja vikawaka moto, nikamwonyesha. Mama akachukua machicha yangu, akayafumbata mara moja kwa mkono ule wa kumi na moja, tui likamtiririka kati ya vidole. "Haya ni ya kuku," akasema. Na mimi nina miaka arubaini na mitatu na mikono mizima.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mwarandu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kuomba radhi, nikayasema nusu akanikatiza.

"Mayo, mama yako, alikuja siku ile ile, dada. Saa mbili hazijaisha tangu uondoke, na watu bado wanacheka."

Nikamwuliza mama alikuja kufanya nini.

"Kuniomba radhi kwa ajili yako. Akasema nazi ni nzuri, ni mkono wake, nisimwambie mtu. Akasema mwanangu ana wasiwasi mwingi, muache anione mzima bado kidogo."

Kwetu mpaka kwa Mwarandu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu yangu, na kuna mlima. Mama alishaanza kushika ukuta wakati ule. Alitoka nikiwa naosha vyombo, akaenda, akarudi, nami nilidhani yuko uani anaanika nguo. Na Mwarandu wa watu, ambaye si ndugu yetu wala si dini yetu, alibeba tusi langu mwaka na zaidi kwa kuwa mama alimwomba.

Ile miezi sita imepita. Mkono wa kulia umesoma kumi na nne. Maneno matatu alikumbuka mawili, na la tatu alisema lipo, ila halitaki kutoka. Nazi nane kwa mkono wake sasa ni vikombe vitatu na robo. Matofali chini ya mbuzi tumeondoa moja. Sijafungua uzi wa pete, lakini siku hizi haichomoki. Chumvi bado husahau, kwa hiyo mimi huonja, na yule dereva wa tuktuk naye huonja, na kila mmoja ajifanya hamwoni mwenzake. Alama ya kiganja imerudi ukutani. Nimewaambia watoto wangu asiipake mtu chokaa, na wakija kuiona ya kwangu pale, wajue la kufanya, na lisiwe kuninunulia kiti.

Nanyi wenzangu, mkila kwa mzazi mkaona chakula kimebadilika, msianze na muuzaji. Itazameni pete. Itazameni sahani. Mkimpumzisha mzee, mwulizeni kwanza kama amechoka, na mpelekeni akapimwe mapema, kabla wasiwasi haujawa ndio daktari.

Mimi sasa kila asubuhi hufumbata machicha kabla sijayamwaga. Juzi Bi Mwanasaumu alisimama mlangoni na kuku wake mmoja kwapani, akaniuliza kama nimesikia ugonjwa wowote mtaani, maana kuku wake wote wamekonda. Mama alikuwa juu ya mbuzi, akakuna mpaka akamaliza kifuu, ndipo akainua kichwa.

"Wapeleke kwa Pascalia," akasema, "wakapimwe damu."